Ukuta Nyuma ya Video Zangu

Kama ulikuwa unanifuata mwaka jana, unakumbuka kile kitambaa cheusi nyuma yangu. Watu waliniuliza kwenye komenti nimekitoa wapi. Wengine walisema sasa nakaa msee wa studio. Nilijibu na emoji ya moto, nikaendelea na maisha.

Leo wacha niseme ukweli. Kitambaa hakikuwa cha urembo. Nyuma yake kulikuwa na kuvu. Ilianzia pale ukuta unapokutana na dari, ikashuka kama ramani, nyeusi katikati na kijani pembeni, hadi karibu na soketi. Nilinunua kitambaa Gikomba kwa shilingi 300, nikakipigilia misumari minne, nikazungushia taa za rangi, na shida ikaisha. Yaani, kwa kamera iliisha.

Chini ya hicho kitambaa ndipo ndugu yangu mdogo alilala miezi minne. Na ndugu yangu ana pumu.

Alikuja Nairobi Januari baada ya kumaliza kidato cha nne, akingoja kujiunga na chuo. Kwetu ni Kitui, mahali hewa ni kavu na ukuta wa nyumba haujui unyevu isipokuwa mvua inyeshe ya kushangaza. Huko alikuwa anatumia inhela mara moja moja, sanasana akikimbia au vumbi ikizidi. Mathe alimpakia begi, akaweka inhela mbili mfukoni, akanipigia simu kuniambia maneno matatu tu: mchunge ndugu yako.

Keja yangu ilikuwa bedsita ya 9,000 kwa mwezi. Kitanda kimoja, changu. Yeye nilimpa godoro la chini, upande wa ukuta, juu nafasi nyingine haikuwepo. Februari akaanza kukohoa usiku. Machi mvua ikaanza, kikohozi kikawa cha kila siku. Aprili kifua chake kilikuwa kinalia kama filimbi ya refa nikiwa nimelala mita moja kutoka kwake.

Na mimi nilifanya nini? Nilitafuta wa kulaumu. Kwanza vumbi ya barabara. Halafu jirani anayechoma plastiki. Halafu nikamlaumu yeye mwenyewe, ati anakesha kwa simu hadi baridi inamwingia. Kuna siku nilimwambia aache kudeka. Hiyo sentensi bado inanifuata.

Usiku mmoja wa Mei, saa tisa, aliketi kwa godoro akaniambia, "Bro, siwezi..." na hakumaliza. Inhela yake ilikuwa imeisha, inatoa upepo tu. Tulichukua boda kwa mvua hadi hospitali. Walimwekea barakoa ya dawa usoni, ile mashine inageuza dawa kuwa mvuke, na baada ya kama dakika ishirini hivi akaanza kupumua kama mtu. Daktari alikuwa dada mdogo tu, amechoka, zamu ya usiku. Aliuliza maswali ya kawaida: anavuta sigara? Hapana. Mnapikia makaa? Hapana, gesi. Kuna paka? Hapana. Halafu akauliza, "Nyumba yenu iko na unyevu? Ukuta una madoa?"

Nilinyamaza. Ndugu yangu ndiye alijibu. Akasema, "Iko nyuma ya kitambaa."

Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa analala akiangalia chini ya hicho kitambaa kila usiku, na hakusema kitu kwa sababu ni keja yangu na ni mimi ninalipa kodi.

Sasa, mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na haikuwa kozi ya udaktari. Kwa hivyo usiniamini mimi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mzima mwaka wa 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Ujumbe wake mkuu ni rahisi: wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na kuvu wako kwenye hatari zaidi ya matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa, na pumu kuwa mbaya zaidi. WHO haikuweka kipimo cha kusema kuvu kiasi hiki ni sawa, kiasi kile ni hatari. Ilisema unyevu na kuvu vizuiwe, na vikiwepo viondolewe. Basi.

Wacha nikueleze venye inafanya kazi, juu nilipoelewa ndipo niliacha kuiona kama doa.

Kuvu ni kiumbe hai. Haioti kwa mbegu kubwa kama mahindi. Inatoa vijimbegu vidogo sana, wataalamu wanaviita spora, na vinabebwa na hewa. Spora za ile kuvu inaitwa Aspergillus ni ndogo hivi kwamba ukizipanga kama 20 kwa mstari ndipo zitafika upana wa unywele mmoja. Huwezi kuziona. Ziko kila mahali, hata nje, hata sai unaposoma hii. Zikitua mahali pakavu zinangoja tu. Zikitua mahali penye unyevu, saa 24 hadi 48 zinatosha kuanza kuota. Na chakula hazikosi: rangi ya ukuta, mbao, kadibodi, vumbi, godoro, kiatu cha ngozi ulichoweka chini ya kitanda.

Kwa mtu wa kawaida spora zikiingia puani, mwili unazishughulikia. Kwa mtu mwenye pumu ambaye mwili wake hauzipendi, ni kama kengele ya hatari imepigwa. Mirija ya hewa inavimba ndani, misuli inayoizunguka inakaza, makamasi yanajaa, na ile njia ya hewa inakuwa nyembamba kama mrija wa soda uliokanyagwa. Ndiyo maana kifua kinalia filimbi. Wengine Aspergillus inawaletea vita kali zaidi ndani ya mapafu, hadi inabidi daktari bingwa.

Na hii ndiyo ilinishtua zaidi: kuvu hata ikiwa imekufa bado inaweza kumwasha mtu mwenye mzio nayo. Kwa hivyo kuiua tu haitoshi. Lazima itoke.

Sisemi kila pumu ni kuvu. Kuna moshi, kuna mende, kuna vumbi ya godoro, kuna baridi, kuna mafua, kuna watu pumu inaamshwa na mazoezi. Lakini enyewe, kati ya hivyo vyote, kuvu ndiyo pekee tunaificha kwa mikono yetu kisha tunamuuliza mgonjwa mbona anakohoa.

Tuliporudi kutoka hospitali nilitoa kitambaa, nikapiga picha, nikampelekea keyateka. Alikuja, akaangalia sekunde tano, akasema lile jambo ambalo kila mpangaji Nairobi amewahi kuambiwa: "Kijana, nyinyi hamfungui dirisha. Na mnaanika nguo ndani."

Tuwe wakweli, hapo ana nusu ya haki. Sisi wenyewe tunatengeneza unyevu. Ukipika githeri masaa mawili kwa chumba ambacho pia ni chumba cha kulala, huo mvuke unaenda wapi? Gesi yenyewe ikiwaka inatoa maji hewani. Kuoga maji moto, kuanika jinzi kwa kamba ya ndani, hata kupumua tu usiku kucha watu wawili mlango ukiwa umefungwa. Ukijumlisha ni lita kadhaa za maji kwa siku. Huo mvuke ukigusa ukuta baridi unageuka maji, na kuvu inapata mahali.

Lakini muulize huyo keyateka dirisha lenyewe linafungukia wapi. Langu lilifungukia ukuta wa ploti ya pili. Ningenyoosha mkono ningeugusa. Nenda Pipeline, Embakasi, uone venye maghorofa yamesimama bega kwa bega, mchana watu wa chini wamewasha taa. Jua halifiki. Upepo haupiti. Sasa unaniambia nifungue dirisha ili nipate hewa gani? Ile ya choo cha jirani? Na nguo nianike wapi kama kamba za juu zinaibwa hata na vibanio vyake?

Halafu kuna ile nusu nyingine ambayo keyateka hataki kuisema. Unyevu wa nyumba hauko wa aina moja. Kuna huo wa mvuke wetu, ambao kwa kawaida unaanzia pembeni, nyuma ya kabati na karibu na dirisha. Kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, nyumba za chini, pale fundi aliruka kuweka ile karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi. Huo unaona plasta inabambuka kutoka sakafuni hadi kama kiunoni, na unga mweupe wa chumvi. Na kuna unyevu wa kuvuja: bomba ndani ya ukuta, bafu la jirani wa juu, paa, mfereji wa mvua uliopasuka. Huo una doa lenye mpaka, linakua hata kama hujapika wiki nzima.

Wa kwanza tunagawana lawama, na bado aliyejenga dirisha la kuangalia ukuta anabeba fungu kubwa. Wa pili na wa tatu ni wa mwenye nyumba. Hakuna mpangaji duniani atafungua dirisha hadi bomba la ndani ya ukuta liache kuvuja.

Wangu ulikuwa wa tatu. Nilijuaje? Niligonga mlango wa jirani wa juu. Bafu lake liko juu ya ukuta wangu kabisa. Yeye pia alikuwa na doa, kwa sababu ya bafu la wa juu yake. Wa chini yangu, mama fulani mwenye mtoto wa miezi saba, alinifungulia mlango nikaona ukuta wake kabla hajasema karibu. Mtoto alikuwa na kikohozi. Aliniambia, "Huyu amezaliwa na kifua kibaya." Sijui kama ni hivyo. Nakwambia tu kile niliona ukutani, nusu mita kutoka kwa kitanda cha mtoto.

Tulikuwa nyumba sita kwenye laini moja ya bomba, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kuficha: kalenda, kabati, shuka, stika za maua. Mimi na taa zangu za rangi.

Tuliandika ujumbe mmoja kwa landilodi, sisi sita, na picha. Wiki mbili baadaye fundi alikuja. Hakubomoa ukuta. Hakugusa bomba. Alipaka silikoni kwenye kona ya bafu la juu, kisha akapiga ukuta wetu rangi ya krimu. Ulikaa poa sana. Siku tatu nilifurahi. Baada ya wiki tatu rangi ilianza kutoa mapovu, halafu vidoa vidogo vyeusi, kama mtu amerusha kalamu ya wino.

Rangi juu ya ukuta wenye maji ni sawa na poda juu ya jipu.

Najua kuna mtu anafikiria, huyu analia juu ya doa, kuna watu hawana hata paa. Basi sikiza hii. Uingereza, mji wa Rochdale, kulikuwa na mtoto anaitwa Awaab Ishak. Wazazi wake walitoka Sudan. Waliishi kwenye nyumba ya kupanga inayosimamiwa na shirika la nyumba za bei nafuu. Mwaka wa 2017, kabla hata Awaab hajazaliwa, babake aliripoti kuvu. Aliambiwa aipake rangi. Ikarudi. Familia ikaendelea kulalamika, na wenye nyumba wakaamua kwamba shida ni mtindo wao wa maisha, venye wanaoga, venye wanapika. Unaisikia hiyo sauti? Ni ile ile ya keyateka wangu, na hiyo ni nchi tajiri.

Awaab alikufa Desemba 2020, siku chache tu baada ya kufikisha miaka miwili. Novemba 2022, mahakama inayochunguza vifo iliamua kwamba alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu na kuvu nyumbani kwao.

Wazazi wake hawakunyamaza. Watu wakawasikiliza, na mwaka wa 2023 bunge la Uingereza likapitisha kile kinaitwa Sheria ya Awaab, ndani ya sheria ya nyumba za umma. Kuanzia Oktoba 2025, mwenye nyumba wa aina hiyo akiambiwa kuna unyevu na kuvu vya hatari, ana siku 10 za kazi kuchunguza. Ikiwa ni dharura, ana saa 24. Saa 24, wasee. Mimi nilingoja wiki mbili nikapata rangi ya krimu.

Sasa turudi nyumbani. Kenya hatuanzi kutoka sufuri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya nyumba inayofaa na viwango vizuri vya usafi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo ni ya zamani sana, inakataza mwenye jengo kuliacha likae katika hali ya kudhuru afya, na inampa afisa wa afya ya umma nguvu ya kuingia na kuamuru lirekebishwe. Hao maafisa sasa wako chini ya kaunti. Ni wale wale wanaofunga kibanda cha mama wa smokie. Mguu wa kupanda ghorofa ya tatu waangalie ukuta unaopumua kuvu sijauona.

Kuna pia sheria ya kudhibiti kodi, ile inakupeleka kwa baraza la kusuluhisha mpangaji na landilodi. Lakini imeandikiwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu nenda mtaani utafute bedsita ya 2,500, ukiipata niitie boda tuhamie sote.

Kwa hivyo haki iko kwa karatasi. Kile kinakosekana ni tarehe. Mimi nataka kaunti, kuanzia Nairobi, iweke sheria ndogo yenye hesabu ya siku: ukiripoti unyevu, siku kadhaa mtu aje aangalie, siku kadhaa kirekebishwe chanzo, na kama kuna mtoto mchanga au mtu mwenye pumu ndani, hesabu iwe ya masaa. Na nataka tuongeze mstari mmoja: rangi haihesabiki kama ukarabati.

Na kabla mtu aseme pesa ya kukagua itoke wapi, tukumbuke mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini. Maji yalipopungua kamera ziliondoka, na watu wa Mathare na Mukuru walirudi kulala kwenye vyumba ambavyo kuta zilikuwa zimelowa hadi dirishani. Kuta kama hizo hukauka polepole sana. Hakuna mtu hutangaza ugonjwa unaokuja baada ya maji. Unaitwa tu "kifua", halafu unanunuliwa dawa ya kikohozi ya shilingi mia.

Wakati tunangoja kaunti, hii ndiyo unaweza kufanya, na hakuna hata moja inataka digrii.

Vuta kitanda na kabati zitoke kwa ukuta, hata kama ni upana wa kiganja, hewa ipite. Usilaze mtu mwenye pumu chini upande wa ukuta wa nje, hata kama ndiyo nafasi iliyobaki. Wewe mwenye mapafu mazima lala huko. Ukipika, funika sufuria na ufungue mlango dakika chache hata kama ni baridi. Doa dogo unaweza kulisugua kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa barakoa, halafu ukaushe. Usilifagie likiwa kavu, unarusha spora hewani. Mwenye pumu asiwe ndiye anasugua. Atoke nje kabisa. Na tafadhali, usichanganye Jik na vinega, wala Jik na ile asidi ya choo. Hiyo inatoa gesi ya klorini, na kwa mtu wa pumu ni hospitali moja kwa moja. Godoro lililoshika kuvu ndani haliokoki. Najua bei ya godoro. Bado haliokoki.

Kuhusu dawa: ile inhela ya bluu inafungua kifua kwa muda, haitibu uvimbe. Ukijipata unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa, rudi kwa daktari uulize kuhusu dawa ya kuzuia, ile ya kila siku. Ndugu yangu hakuwa nayo. Sasa anayo. Na kama mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au bluu haisaidii, usigugo, usipost, mpeleke hospitali saa hiyo.

Piga picha ukuta wako kila wiki mahali pale pale, tarehe ionekane. Ripoti kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Gonga milango ya juu na chini. Nyumba sita zinaongea kwa sauti ambayo nyumba moja haina.

Sisi mwishowe tulihama. Nilipata kazi moja ya kutangaza nguo, ikanipa pesa ya dipoziti kwingine. Yule mama wa mtoto hakupata kazi ya kutangaza nguo. Bado yuko pale. Huo ndio ukweli wa hii kitu: anayeweza kukimbia kuvu anakimbia, na ukuta unabaki na asiyeweza.

Lakini si hiyo iliyonifanya niandike.

Wiki ya mwisho, keyateka alileta dada mmoja kuona nyumba. Mwanafunzi, umri wangu tu. Fundi alikuwa amepiga rangi tena jana yake, chumba kinanukia upya, jua la saa sita limejipenyeza pale dirishani kwa zile dakika kumi za siku. Aliuliza kuhusu waifai. Aliuliza kama maji huja kila siku. Akanigeukia mimi, akauliza, "Na hapa pako sawa?"

Keyateka alikuwa amesimama nyuma yake ananiangalia. Dipoziti yangu, 9,000, ilikuwa bado kwake. Nikasema, "Pako sawa tu."

Nilidanganya kwa 9,000. Na hata sikuipata yote. Walikata 3,500, sababu waliyoandika ni "kupaka rangi ukuta".

Nilikaa na hiyo kitu mwezi mzima. Halafu nikarudi, nikagonga ule mlango, nikamwambia. Kuhusu bafu la juu, bomba, rangi, ndugu yangu, kila kitu. Nilitarajia anitusi, na angekuwa na haki. Alinyamaza kidogo, akafungua mlango wote nione. Mapovu yalikuwa yamerudi pale pale. Alikuwa amenunua sabuni ya aina tatu. Akaniambia, "Mimi nilidhani ni mimi. Nilidhani ni juu ninaanika nguo ndani."

Namba yake sasa iko kwenye kile kikundi cha nyumba sita. Wiki iliyopita waliandika barua kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, na nakala ya picha zangu za tangu Mei iko ndani. Wakijibiwa nitawaambia. Wasipojibiwa nitawaambia pia.

Wewe ukienda kuona nyumba, gusa ukuta kwa kiganja. Nusa ndani ya kabati. Angalia juu, pale dari inakutana na ukuta, na chini karibu na sakafu. Nenda siku ya mvua kama unaweza. Rangi ikiwa mpya kwa ukuta mmoja tu, uliza mbona. Na mtafute anayehama, mbali na keyateka, umuulize.

Na kama wewe ndiye unahama, na mtu akikuuliza pako sawa, mwambie ukweli. Dipoziti tutaidai pamoja. Pumzi ya mtu haina risiti.